Baiskeli Wakati wa Masika



Mtume Paulo, katika Waraka wake wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, anamwagiza kijana wake adumu katika kazi ya Neno, majira yawe mema au mabaya. Sisi tunaokaa Nungwi mfano wa agizo hilo tunauona barabarani kila asubuhi. Ni mchuuzi wa samaki na baiskeli yake.

Mnada ukiisha pwani, hufunga tenga lake kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, akashika njia ya Kivunge. (Siku hizi wengi wana pikipiki, lakini wa baiskeli hawajaisha.) Wakati wa Kaskazi upepo humsukuma akienda na mzigo, na humpinga akirudi na tenga tupu. Kusi ikiingia mambo hugeuka: mzigo nyuma, upepo usoni. Masika nayo hujaza maji mashimo ya njia, na breki zikilowa hazishiki vema. Hata hivyo huenda, kwa kuwa samaki hangoji, na watoto nyumbani hawangoji. Yeye huswali msikitini. Tusione haya kujifunza kwake.

Tena, jioni akisha kurudi, huifuta baiskeli na kuutia mnyororo mafuta. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi haina sikukuu. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani kungojea hali nzuri, siku ya kuitoa mnyororo umekwisha kugandana kwa kutu. Wako kati yetu waegemezao sala zao vivyo hivyo, tangu Krismasi mpaka Pasaka.

Filipo, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, hakuwa na gari wala mnyama wa kupanda. Njia ilikuwa ya jangwa. Aliposikia amri ya Roho alipiga mbio kwa miguu kando ya gari la yule Mhabeshi, hata akakaribishwa kupanda. Hatusomi kwamba aliuliza habari za jua.

Tunayasema haya kwa sababu Masika hayako mbali. Wazee na wagonjwa wetu wametawanyika, na mvua ya kwanza ikinyesha watembeleaji hupungua. Mhubiri, sura ya 11, alikwisha kumjua mkulima achunguzaye upepo na mawingu mpaka msimu ukampita. Mjane mmoja mzee alituambia kwamba yeye hatambui Masika kwa kishindo cha mvua juu ya bati. Huyatambua kwa kuwa siku tatu nne zimepita pasipo mtu kubisha hodi.

Basi wenye baiskeli tunaombwa kubaki baada ya Misa Jumapili ijayo, tugawane nyumba za kutembelea, kila mtu na siku yake, mvua inyeshe isinyeshe. Tuje na pampu na viraka, na kipande cha nailoni cha kufungia Biblia. Mwenye keria imara tunamhitaji zaidi, maana mjane yule anataka kuletwa kanisani siku ya Pentekoste. Amekwisha kusema atakaa upande, kama alivyokuwa akipakiwa na marehemu mumewe.