Muulize Mpokeaji Kwanza

Watanzania wa ughaibuni wakikutana, iwe harusini au msibani, mazungumzo hupita kwenye baridi, kodi ya nyumba na habari za nani kaoa, kisha huishia kwenye swali lilelile: wewe siku hizi unatumia nini kutuma nyumbani? Hapo kila mtu hutoa simu. Mmoja ataisifu Wise, mwingine atasema yeye na WorldRemit hawaachani, wa tatu ataapa kwa Remitly. Mzee aliyekaa pembeni atawaambia kwamba yeye alipofika Uingereza aliikuta Western Union, na hajaona sababu ya kuhama. Ubishi hunoga kama wa Simba na Yanga.

Katika ubishi huo mpokeaji hutajwa kwa nadra sana, na akitajwa huwa ni jina na namba ya simu tu. Tunapima njia kwa mambo yanayotugusa sisi: programu ni nyepesi, pesa zinakatwa upesi, ujumbe wa kuthibitisha unakuja papo hapo. Mtu ambaye safari nzima ya pesa hizo ni kwa ajili yake haulizwi. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba yeye ndiye wa kuulizwa kabla ya kampuni yoyote.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina aibu. Kampuni ya kutuma pesa hupata chake mahali pawili. Kwanza ni ada, ambayo unaiona. Pili ni kiwango cha kubadilishia fedha, ambacho wengi wetu hatukitazami. Tuchukue mfano wa namba za kufikirika: pauni 1 sokoni ni shilingi 3,300. Kampuni ya kwanza inatangaza kwa herufi kubwa kwamba haitozi ada, lakini inakupa shilingi 3,180 kwa pauni. Ukituma pauni 100, nyumbani zinafika shilingi 318,000. Kampuni ya pili inakutoza ada ya pauni 2, kisha inabadilisha pauni 98 zilizobaki kwa shilingi 3,290. Zinafika shilingi 322,420. Ile ya bure imekula zaidi ya ile ya kulipia.

Kwa hiyo swali la maana dukani au kwenye simu ni moja: nikitoa pauni 100 mfukoni mwangu, ni shilingi ngapi zitamfikia? Swali hilo lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa mabara mengine. Kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwamba kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko kwingineko duniani. Kutuma dola 200 kumekuwa kukigharimu wastani wa karibu asilimia 8, na benki ndizo ghali zaidi. Mwaka 2015 mataifa yaliahidi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3. Muda uliobaki ni mfupi na safari bado ndefu.

Ila hesabu hiyo yote inakomea pale kampuni inaposema pesa zimefika. Kwa mpokeaji, ndiyo kwanza shughuli inaanza.

Nina mama mkubwa kijijini, wilaya ya Muheza. Siku moja nilimuuliza anapenda atumiwe vipi. Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo asilolitarajia, kisha akafunguka. Benki hataki, kwa sababu lazima aende mjini, na kwenda mjini kunataka nauli na mtu wa kumsindikiza. Wakirudi, kijiji kizima kinajua kwamba ametumiwa. Ya simu anaipenda, lakini zisije nyingi kwa mkupuo. "Mwanangu, huyu wakala wetu pesa taslimu zake ni chache. Ukileta nyingi ananipa nusu, nusu ananiambia nije kesho, na kesho akina fulani wanakuwa wamenitangulia kuja kukopa." Kisha akaongeza, kwa adabu, kwamba nikituma nisisahau ya kutolea, yaani ada ya kutoa pesa kwa wakala.

Hakuna programu ya kulinganisha bei ambayo ingenipa majibu hayo. Nauli haimo kwenye jedwali la kampuni, wala pesa taslimu za wakala, wala majirani. Ya kutolea nayo haimo mara nyingi, na haisimami palepale: tunakumbuka Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza, jinsi kila aliyekuwa akitumiwa fedha alivyolalamika hadi zikapunguzwa. Mtumaji aliyeko London anaweza asizione kabisa gharama hizo. Anayezilipa ni yule aliyeko kijijini, na anazilipa kutoka kwenye fedha ileile tuliyojisifu kwamba tumeituma kwa bei poa.

Lipo jambo jingine zito kuliko bei. Kuchagua njia ya kutuma ni kuchagua nani atashika pesa. Mwanzoni mwa 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na baadhi ya wazee wasiokuwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA walisajiliwa laini zao kwa majina ya watoto au wajukuu. Wengi wamebaki hivyo. Simu ni ya bibi, laini ni ya mjukuu, na namba ya siri anaijua mjukuu peke yake. Sisi huku tunasema tumemtumia bibi. Ukweli ni kwamba tumemtumia mjukuu, naye ndiye anayeamua bibi apate lini na kiasi gani. Mjukuu anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini mzee anayelazimika kumbembeleza kijana ili apewe fedha zake mwenyewe ameshushiwa heshima, hata kama hakuna senti iliyopotea.

Vivyo hivyo kwa dada mmoja ambaye simu yake ndiyo hazina ya ukoo. Kila kitu kinapitia kwake: dawa za baba, mbolea, mchango wa harusi. Anachoka, anashukiwa, na kila akinunua kanga mpya watu wanapiga hesabu. Tulimbebesha kazi hiyo kwa sababu namba yake ndiyo iliyokuwa imehifadhiwa kwenye programu. Hatukumuuliza kama anaiweza.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kupitia watu. Unampa mtu pauni hapa, ndugu yake anamlipa mama shilingi Kariakoo. Njia hii ni ya kale, imejengwa juu ya kuaminiana, na imewasaidia wengi wasiokuwa na akaunti wala karatasi. Sitaibeza. Lakini hapa Uingereza biashara ya kutuma fedha lazima isajiliwe, na anayeifanya bila usajili anavunja sheria. Siku fedha zisipofika huna risiti wala pa kulalamikia. Unachobaki nacho ni ugomvi na mtu wa kwenu.

Halafu kuna haraka. Msiba hauna ratiba, na usiku wa msiba mtu hutuma kwa njia yoyote iliyo karibu, hata kwa kadi ya mkopo, ambayo mara nyingi huongeza gharama nyingine juu yake. Hiyo haina lawama. Lakini mambo mengi yanayotufanya tutume kwa dharura tulikuwa tunayajua mapema: ada ya chuo ina tarehe, dawa za sukari huisha kila mwezi, msimu wa kulima hauji kwa kushtukiza. Tunayageuza kuwa dharura kwa sababu nyumbani wanaona haya kuomba kabla ya shida kubisha hodi, na sisi tunaogopa kuuliza tusije tukaongezewa. Kampuni huneemeka kwa ukimya huo, kwani njia ya papo kwa papo mara nyingi huwa na bei yake, na kutuma kidogo kidogo mara kwa mara hulipiwa ada kila mara.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye mbali na kwenu, kabla ya kulinganisha kampuni mwezi huu, piga simu nyumbani. Muulize anayepokea: zikufikie wapi, lini, kwa kiasi gani kwa mara moja, na laini hiyo ni ya nani? Msaidie apate laini yenye jina lake na namba ya siri anayoijua yeye. Kubalianeni tarehe. Baada ya hapo tafuta kampuni iliyosajiliwa itakayofikisha shilingi nyingi zaidi mikononi mwake, na usisahau ya kutolea.