Idhini, Ridhaa na Deni la Korogwe

Kiswahili kina maneno mawili ambayo makaratasi ya ofisi huyatumia kana kwamba ni pacha, ilhali si pacha hata kidogo. La kwanza ni idhini, la pili ni ridhaa. Idhini hushuka kutoka juu: mwenye mamlaka huombwa, akatazama, akagonga muhuri. Ridhaa huchipuka ndani: ni moyo uliotulia juu ya jambo ukalikubali bila kusukumwa. Idhini yaweza kutolewa na mtu asiyemjua kabisa yule itakayemfikia. Ridhaa haiwezi kutolewa ila na mwenye kubeba mzigo wenyewe, au na mzazi wake ikiwa mwenye mzigo hajaanza kusema.

Ili dawa mpya iingie katika mwili wa mtoto, sharti maneno haya mawili yakutane. Serikali itoe idhini, mama atoe ridhaa. Sheria za dunia zimejengwa juu ya makutano hayo, na aghalabu wanazuoni wa maadili ya utabibu huishia hapo, wakaona kazi imekwisha. Kadhia ya Korogwe yaonyesha kwamba haijakwisha.

Mji wa Korogwe umekaa kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya katani na reli ya Tanga. Kusini yake ni Handeni, uwanda mkavu wa mahindi na mifugo, ambako mvua ikichelewa njaa haichelewi. Nchi hizi mbili, za Wasambaa na Wazigua, kwa vizazi vingi zilizika watoto kwa homa ya malaria. Na upande huu wa Tanga umezoea kujaribiwa. Katika miaka ya 1950 watu wa kijiji kimoja cha Muheza walipewa vidonge vya pirimethamini kila mwezi ili ionekane kama malaria itakoma. Haikukoma. Vimelea viliizoea dawa upesi, na habari hiyo ikaingia katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Kama wanakijiji wale waliulizwa, waliulizwa kwa desturi ya dola ya kikoloni, yaani waliarifiwa.

Nusu karne baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2003 Bunge lilitunga sheria iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, na tangu hapo hapana jaribio la dawa lililoruhusiwa nchini bila idhini yake, mbali na idhini ya kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mamlaka hiyo haikuwa ya kuchezewa. Mwezi Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba usimamizi wa dawa wa Tanzania umefikia daraja la tatu la ukomavu, nao ulikuwa wa kwanza barani Afrika kuthibitishwa hivyo. Mwaka uliofuata chakula kilihamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, pamoja na jina jipya.

Ni chini ya idhini hiyo Korogwe ilipopokea chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kwanza, mwaka 2007, watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, pwani ya Kenya, waligawanywa mafungu mawili: hawa chanjo mpya, wale chanjo ya kichaa cha mbwa, ili hata asiyepata ile mpya asirudi nyumbani mikono mitupu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba chanjo ilipunguza homa za malaria kwa zaidi ya nusu katika miezi michache ya kufuatiliwa. Kisha likaja jaribio kubwa, lililoanza mwaka 2009, la watoto na wachanga 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Korogwe na Bagamoyo ndivyo vilivyokuwa vituo vya Tanzania.

Majaribio! Neno hili nalo lina ndugu yake, majaribu, ambayo ni mitihani anayopewa mja ili ijulikane imani yake. Mfasiri wa makaratasi ya utafiti huhangaika kulitenga hili na lile, lakini mama aliyembeba mwanawe kwenda kutiwa damu kwenye kichupa hakuona tofauti kubwa. Hata neno chanjo lilikuwa la mganga kabla halijawa la hospitali. Asili yake ni kuchanja, kukata ngozi kwa wembe na kupaka dawa. Huenda ndiyo sababu lilikubalika kwa wepesi.

Matokeo ya mwisho yalitangazwa mwaka 2015, nayo hayakuwa ya kushangilia wala ya kulilia. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa kiasi cha 36 kwa mia katika miaka ipatayo minne. Pamoja na faida hiyo palikuwa na kivuli. Wagonjwa wa uti wa mgongo walikuwa 21 katika mafungu mawili ya watoto wa umri huo waliochanjwa, na mmoja tu katika fungu la tatu ambalo halikupata chanjo ya malaria. Vifo vya wasichana navyo vilionekana kuzidi miongoni mwa waliochanjwa. Huenda ilikuwa sadfa, huenda haikuwa. Wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliiona faida kuwa kubwa kuliko hatari, lakini Shirika la Afya Duniani lilitaka chanjo ijaribiwe kwanza kwa mapana zaidi, na kuanzia mwaka 2019 ikatolewa katika sehemu za Ghana, Kenya na Malawi. Kivuli hakikurudi, na vifo vya watoto vilipungua kwa 13 kwa mia. Tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ilipendekezwa rasmi kwa watoto wa Afrika.

Miaka sita basi, toka 2015 hadi 2021. Wapo wanaosema subira ile iliua, kwa kuwa kila mwaka malaria iliondoka na mamia ya maelfu ya watoto wa bara hili. Hoja yao ina uzito, ila yasahau jambo moja. Chanjo hupewa mtoto mzima wa afya. Mgonjwa aliye taabani anaweza kukubali dawa ya hatari kwa kuwa kifo kiko mlangoni. Mama wa mtoto anayecheza uani ana haki ya kudai yakini zaidi. Kuchelewa kule kulikuwa na sababu ya haki. Lisilo na sababu iliyo wazi ni kwamba katika zoezi la nchi tatu baadhi ya wazazi walihesabiwa kuwa wameridhia kwa sababu tu wamemleta mtoto kliniki, jambo lililolalamikiwa na wataalamu katika majarida ya utabibu mwaka 2020. Hapo idhini ilivaa kanzu ya ridhaa.

Lakini turudi Korogwe. Tanzania haikuwamo katika zile nchi tatu. Mwezi Julai 2023, dozi milioni 18 za kwanza zilipogawiwa kwa nchi 12, haikuwamo. Hadi mwisho wa mwaka 2024 nchi 17 za Afrika zilikuwa zimeanza kuchanja watoto wao dhidi ya malaria, na Tanzania haikuwamo. Mtoto aliyetolewa damu Korogwe mwaka 2009 alikwisha kuwa kijana, na mdogo wake aliyezaliwa nyuma yake hakuikuta chanjo ile katika kadi yake ya kliniki.

Ni dhuluma? Haraka ya kujibu ndiyo inayoharibu mjadala huu. Dozi zilipokuwa chache, palikuwa na haki kuzipeleka wanakokufa watoto wengi zaidi, na Korogwe yenyewe ilikwisha kubadilika. Katika kijiji cha Mkokola, tambarare ya Korogwe, vimelea vilikutwa kwa watoto na vijana 78 katika kila 100 waliopimwa mwaka 2003. Mwaka 2008 vilikutwa kwa 13 tu. Vyandarua, dawa ya mseto iliyoingia badala ya SP mwishoni mwa 2006, na pengine hali ya hewa, vyote vilishiriki. Waliojitolea walikuwa wameanza kupona kwa njia nyingine. Na upo mfano mwingine katika mji huohuo unaozidi kutatiza: hospitali ya Magunga ilishiriki katika jaribio la kulinganisha kwinini na sindano ya atesuneti kwa watoto 5,425 wa nchi tisa waliozidiwa na malaria. Ilipodhihiri mwaka 2010 kwamba kwa kwinini walikufa karibu 11 katika 100 na kwa atesuneti wasiofika 9, mwongozo wa dunia ulibadilishwa mwaka uliofuata, Tanzania nayo ikafuata. Deni lile lililipwa.

Sasa mfikiri mama wa Handeni, ambaye jina la mwanawe halikuandikwa katika daftari la utafiti wowote. Je, naye anadai? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia hulirejea katika mambo haya, huwatazama zaidi walioshiriki na jamii zao. Kwa kipimo hicho mama wa Korogwe ana dai lililo karibu, na wa Handeni ana dai la mbali. Bali mama wa Korogwe alipotia sahihi, au kidole gumba, hakuambiwa kwamba ananunua nafasi ya mbele kwenye foleni. Aliambiwa kwamba chanjo yaweza isimfae mwanawe ila ikafaa watoto wengine baadaye. Hao watoto wengine ni nani, kama si wa Handeni kwanza, aliye jirani, anayeuza mahindi gulio moja naye? Kumlipa mama wa Korogwe peke yake ni kuigeuza sadaka yake kuwa biashara. Kutomlipa yeyote ni kuifanya kitu cha kuokotwa.

Jina la deni hili halipatikani katika fomu. Idhini si lenyewe, kwa kuwa serikali haikuuza kitu. Ridhaa si lenyewe, kwa kuwa mama hakuweka sharti. Lililo karibu zaidi ni amana: kitu alichoachiwa mtu akitunze, naye hana haki ya kukitumia kwa faida yake wala ya kukisahau. Mwenye kuachiwa hapa ni wengi: kampuni yenye chanjo, wafadhili, taasisi ya utafiti, wizara, na mamlaka iliyogonga muhuri. Katika hao, ni mamlaka peke yake inayowajua watoto wa Korogwe na wa Handeni kama raia. Kazi yake kisheria ni kuuliza kama dawa ni salama na kama inafaa. Hakuna kifungu kinachoiamuru iulize, kabla ya jaribio kuanza, ni nani atakayeipata dawa hiyo ikifaulu na katika mwaka gani. Swali hilo lingeweza kuongezwa kwa mstari mmoja katika fomu ya maombi, na mwombaji angelazimika kulijaza kabla ya mama yeyote kuitwa kliniki.