Swali la Posa

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwasomesha wanachuo mchezo wa Oscar Wilde, *The Importance of Being Earnest*, ulioonyeshwa mara ya kwanza London tarehe 14 Februari 1895. Mle yumo mama wa tabaka la juu, Lady Bracknell, anayemhoji mposaji wa binti yake kama karani wa kodi: kipato, nyumba, wazazi. Kijana ana mali, lakini aliokotwa akiwa mchanga ndani ya mkoba, kwenye stesheni ya reli. Anakataliwa. Baadaye mpwa wa mama huyo anataka kumwoa msichana mwingine. Mama anainuka aondoke. Anasikia msichana ana pauni 130,000, anaketi tena, na papo hapo anamwona mzuri.

Tulicheka sana. Nikawaambia wanachuo kwamba ndivyo walivyokuwa Waingereza wa enzi za Malkia Victoria. Nyani haoni kundule.

Nilipokwisha kustaafu, kijana mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita alileta mshenga kwangu Shinyanga. Nikauliza, ni mtoto wa nani? Baba yake hakujulikana. Alilelewa na bibi yake. Nikajibu kwamba hatuozi kwa watu tusiowajua. Binti yangu alinyamaza.

Mwaka uliofuata kijana alipata dhahabu. Akaja mwenyewe, kwa gari. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikaagiza kuku achinjwe. Binti yangu akanifuata uani. "Baba, ukoo wake umepatikana lini?"

Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, kuuliza si kosa. Wazee wetu wa Kisukuma waliuliza ukoo kabla ya kuhesabu ng'ombe wa mahari, wajue kwamba wanaooana si ndugu, na kwamba ugomvi ukizuka yupo mtu wa kumwendea. Mimi nililiazima swali lao nifiche jingine, la aibu. Kama ukoo ulikuwa kizuizi kweli, dhahabu isingekiondoa. Kama dhahabu ilikiondoa, basi tangu mwanzo nilikuwa naulizia bei.

Jioni ile nilimwomba kijana radhi mbele ya binti yangu. Kisha nikamwomba anieleze habari za bibi aliyemlea. Alizungumza mpaka taa ikaishiwa mafuta.