Kasoro Iliyo Chini ya Vanishi

Seremala akiziba mbao iliyochanika kwa gundi na unga wa mbao, kisha akapaka vanishi, je, amemdanganya mnunuzi? Meza itasimama hata hivyo.

Swali hili lilinijia likizoni Kampala, nikijifunza useremala, kazi ya Nabii Zakaria (a.s.). Nyuzi za mvule hupishana, na randa huzing'oa. Dawa yake ni bamba jembamba la chuma la kukwangulia. Ukingo wake hunyooshwa kwa tupa, hulainishwa kwa jiwe, kisha husuguliwa kwa chuma kigumu mpaka upinde kidogo sana. Jicho haliuoni mpindo huo. Kidole gumba huuhisi. Bamba likinolewa vizuri hutoa maranda membamba. Likiwa butu hutoa vumbi tu, na vidole huungua bure. Mimi siku tatu nilitoa vumbi.

Hapo ndipo gundi inapovutia. Wapo wasemao mnunuzi hununua sura. Sikubali: kama ni hivyo, mbona hatumwambii? Kuziba si kosa. Kumficha ndiyo ghushi. Meza yangu ya kwanza niliiziba, nikamwonyesha mnunuzi palipozibwa. Akapunguza bei. Kesho yake nilirudi kwenye tupa.