Siri ya mtawala huzaa fitna

Ndugu Waislamu, vijana wa machimbo hapa Segese huniuliza: kwa nini wakubwa wafiche habari za viumbe wa angani? Qur'an (42:29) inatufahamisha kuwa Allah ameeneza viumbe mbinguni na ardhini. Muislamu habishi hilo. Lakini Roswell, Marekani, mwaka 1947, lilifichwa puto la kupeleleza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Jeshi la Anga likakiri 1994. Basi wakubwa huficha maslahi yao.

Mkataba wa dhahabu ya Buzwagi, hapa hapa Kahama, ulisainiwa hotelini London Februari 2007. Zitto Kabwe alipohoji, Bunge likamsimamisha. Uongozi ni amana. Anayewaficha wenye mali mali yao, ajiandae kuulizwa na Mwenye mbingu.

Wabillahi tawfiq.