Naye Anayesikiliza Huchoka

Katika Kutoka 18, Yethro anamkuta Musa ameketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, na watu wamesimama wakingoja. Hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba kazi hiyo itamchosha yeye pamoja na watu alio nao. Sisi hudhani uchovu wa mtumishi ni mzigo wake mwenyewe. Yethro aliona kuwa unawaangukia pia wanaomngoja.

Tuwafikirie madaktari wa magonjwa ya akili. Mwenye malaria hupimwa damu, aliyevunjika mguu hupigwa picha. Lakini mwenye sonona, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hujulikana hasa kwa kusikilizwa, kutazamwa na kuulizwa kwa upole. Kipimo kikuu cha daktari huyu ni sikio lake na moyo wake. Je, kipimo hicho kikichakaa?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa huleta mambo matatu: mtu huishiwa nguvu, huwa mbali na kazi yake moyoni au huibeza, na utendaji wake hushuka. Hilo la pili ndilo linalomuumiza sana mgonjwa. Daktari anaona dalili, hamwoni mtu. Anaandika dawa ile ile kabla mgonjwa hajamaliza kusema. Na mwenye mawazo ya kujiua mara nyingi huyasema mwishoni, akishaona anasikilizwa. Asiposikilizwa, anarudi nayo nyumbani.

Basi tumlaumu nani? Mgonjwa ana haki ya kusikilizwa, na uchovu wa daktari hauifuti haki hiyo. Lakini si haki pia kumtwika mtu mmoja mzigo wa watu kumi, kisha kumhukumu anapoanguka. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba kazi ya kila siku ni wito, ambao kwa huo Mungu humhudumia jirani. Tusiligeuze fundisho hilo kuwa kiboko. Tukimwambia daktari avumilie tu kwa sababu ni wito wake, tunalitumia jina la Mungu kufunika upungufu ambao wanadamu wangeweza kuurekebisha. Aliyehesabiwa haki kwa neema hahitaji kuthibitisha thamani yake kwa kukesha. Mwokozi ni mmoja, naye si daktari.

Yethro hakuishia kwenye maonyo. Alishauri wachaguliwe watu waaminifu wa kushika mashauri madogo, na yale mazito yaletwe kwa Musa. Kanisa letu limewahudumia wagonjwa wa akili kule Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa zaidi ya miaka 100, hivyo kazi hii si ngeni kwetu. Usharika unaweza kumsindikiza mgonjwa kliniki na kueleza mwenendo wake, kumsaidia asiache dawa, kumtembelea badala ya kumficha chumbani, na kumwombea bila kumkataza tiba. Tukifanya hivyo, wengi hawatarudi hospitali wakiwa wamezidiwa. Nasi tunaosimamia hospitali tuwape madaktari likizo, wasaidizi, na mwenzao wa kuzungumza naye.

Na katika sala ya Kanisa, tunapowataja wagonjwa, tuwataje pia wale wanaowasikiliza.