Kuacha na Kubadili

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, nayo ni kuacha na kubadili. Mtu aliyehama nyumba inayovuja sana akaingia katika nyumba inayovuja kidogo amebadili nyumba, walakini hajaacha kunyeshewa. Mdeni aliyekopa kwa huyu ili amlipe yule amebadili mdai, walakini hajaacha kudaiwa. Mifano hii ni rahisi, na kila aisikiaye huitambua. Lakini jambo lile lile likiwa ndani ya nafsi zetu hatulioni upesi. Twabadili, kisha twajipongeza kwamba tumeacha.

Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: mtu aliyetoka katika uraibu mzito akaingia katika uraibu mwepesi, je, amekuwa huru? Nitalijibu kwa mfano wa tumbaku, kwa kuwa mfano huo naujua kwa kuusoma na kwa kuuishi.

Tumbaku ni mmea uliotoka Amerika. Mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliupeleka katika jumba la wafalme wa nchi yake, na jina lake ndilo lililozaa jina la nikotini, yaani kile kitu kilichomo katika jani ambacho humfunga mvutaji. Kwa karne nyingi watu walivuta bila kujua gharama yake. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi ulioonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Leo yajulikana kwamba moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kwamba 70 hivi miongoni mwake huleta saratani. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hili: kinachomfunga mvutaji ni nikotini hasa, bali kinachomwua ni moshi hasa.

Kwa kuwa kamba na kisu ni vitu viwili, palitokea mtu aliyejaribu kuvitenganisha. Mwaka 2003 mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, ambaye alikuwa mvutaji mkubwa, alibuni sigara ya kielektroniki ya namna tuijuayo sasa. Ndani yake mna betri, waya unaopata moto, na majimaji yenye nikotini yanayogeuka mvuke. Hapana jani linaloungua, kwa hiyo hapana lami inayoganda katika mapafu. Vijana wa leo hukiita kifaa hiki vepu. Mbunifu huyo mwenyewe amewahi kukiri mbele ya waandishi wa habari kwamba aliendelea kutumia vyote viwili, sigara na kifaa chake. Sikulitaja jambo hili ili kumcheka. Nimelitaja kwa sababu mimi pia yalinipata.

Nilianza kuvuta sigara nikiwa katika chuo cha ualimu, nilipokuwa na umri wa miaka 20. Nyuma ya ukumbi wa chakula palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe huo wenzangu walikutana kila jioni kwa mazungumzo na mzaha. Sikuipenda sigara, niliwapenda wale waliokuwa wakiivuta. Miaka 13 baadaye wale rafiki walikuwa wametawanyika katika shule za mbali, mwembe sikuuona tena, na sigara peke yake ndiyo iliyobaki nami. Nilikuwa na kikohozi cha asubuhi, na binti mdogo aliyekuwa akigeuza uso kila nilipoinama kumbusu. Hapo ndipo nilipojinunulia kile kifaa, nikatupa pakiti yangu katika shimo la taka, nikawatangazia walimu wenzangu kwamba nimeacha.

Wiki mbili za kwanza zilipita kwa fahari. Wiki ya tatu, jioni moja ya mvua, nilikuwa nimesimama kituoni nikingojea matatu. Mtu aliyesimama kando yangu akawasha sigara. Nilisikia mkwaruzo wa kiberiti, nikanusa harufu ya kwanza ya moshi katika hewa yenye unyevu, na mara kifua changu kikajaa hamu isiyo na kiasi. Mfukoni nilikuwa na kifaa changu, nacho kilijaa. Nilikivuta mara mbili, nikakivuta mara ya tatu, na ile hamu haikuondoka. Nilikuwa kama mtoto aliyeshibishwa ugali ugenini, naye bado autafuta mkono wa mama yake uliozoea kumpakulia. Nikaenda kibandani, nikanunua sigara moja, nikaivuta hadi mwisho. Nilipofika nyumbani nilijiona mwongo, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa ameniuliza neno.

Kwa nini hamu ile haikushiba? Sababu ya kwanza ni ya mwili. Nikotini ya moshi hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hivi, na ubongo uliozoea mbio hizo huona kila njia nyingine kuwa ya kobe. Sababu ya pili ni ya mazoea, nayo ndiyo kubwa. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa aliyezoezwa kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa hutokwa na mate kwa kuusikia mlio tu, hata kama chakula hakipo. Mimi nilikuwa na milio yangu: kikombe cha chai baada ya chakula, rundo la daftari za kusahihisha, mvua, kituo cha matatu. Kila kimoja kilikuwa kimeniita mara elfu, nami mara elfu nilikuwa nimeitika. Kifaa kiliilisha damu yangu nikotini, lakini hakikujua majina ambayo nilikuwa nikiitwa.

Muhula uliofuata nilikuwa mwalimu wa zamu. Usiku mmoja, nikikagua bweni, nilimkuta mvulana mmoja wa kidato cha pili amejifunika blanketi, na chini ya blanketi mlitoka harufu ya embe. Msimu wa maembe ulikuwa bado. Mkononi alikuwa na kifaa chembamba kama kalamu. Nilimpeleka nje, nikaanza kumkemea kwa maneno ambayo kila mwalimu anayo tayari. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, “Samahani, Mwalimu. Nilidhani hiki hakina ubaya. Nilisikia kwamba wewe mwenyewe unacho.”

Msomaji, ninao ujuzi wa kujibu maswali ya wanafunzi, lakini usiku ule nilikaa kimya kwa muda mrefu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na kidole changu kilikuwa kikikigusa kile kile nilichotaka kumwadhibu kwacho. Wahenga walisema kwamba nyani haoni ngokoye. Mimi nilikuwa nimeonyeshwa yangu.

Hatimaye nilimwambia hivi: “Mwanangu, mlango ni mmoja, lakini watu wawili waweza kuutumia kwa njia mbili. Aliye ndani ya nyumba inayoungua hupita mlangoni ili atoke. Aliye nje akipita mlango ule ule, huingia motoni. Mimi nilikuwa ndani, natafuta kutoka. Wewe ulikuwa nje, na hapana aliyekufukuza huko.” Sijui kama alinielewa usiku ule. Najua kwamba mimi mwenyewe nilijielewa, kwa sababu niliposema kwamba natafuta kutoka, moyo uliniuliza: mbona umesimama mlangoni?

Kuna watu watakaopinga maneno yangu. Watasema kwamba dawa ya moto ni moto, na kwamba apunguzaye madhara amefanya jema, hata kama hakulimaliza. Pingamizi hii ni ya haki, na yatupasa kuipa haki yake. Mwaka 2019 wataalamu nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Wengine walipewa sigara za kielektroniki, na wengine walipewa dawa za badala, kama vibandiko vya ngozi na chingamu zenye nikotini. Baada ya mwaka mmoja, watu 18 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara, ilhali katika kundi la pili walikuwa 10 hivi. Basi kifaa kiliwasaidia watu kweli, na amchekaye mvutaji aliyekishika humcheka mtu anayejaribu kuokoa maisha yake. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha jambo la pili: miongoni mwa walioshinda sigara kwa kifaa, 80 katika kila 100 walikuwa bado wakikitumia. Walikuwa wametoka motoni, na wengi wao walikuwa wamesimama mlangoni, kama mimi.

Kwa hiyo jibu la swali letu lina sehemu mbili. Aliyebadili amefanya jema kwa mapafu yake, wala tusimnyime sifa hiyo. Walakini hajawa huru bado, kwa maana uhuru hauhesabiwi kwa wepesi wa mnyororo. Mtu ni huru pale anapoweza kuitwa na hamu yake asiitike.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa kale, alitofautisha watu wawili. Mmoja hutamani baya, naye hujizuia. Mwingine ametengenea hata halitamani. Alimweka huyu wa pili juu ya yule wa kwanza. Nilipoyasoma hayo kwanza nilivunjika moyo, maana niliona kwamba kila hamu iliyonijia ilinishusha daraja. Lakini mwanafalsafa huyo huyo alifundisha pia kwamba wema hupatikana kwa kuutenda mara kwa mara, kama ufundi upatikanavyo kwa kuufanya. Basi huyo wa pili alitoka wapi? Aghalabu ni yule wa kwanza, aliyejizuia siku nyingi. Tangu nilipolifahamu hilo, hamu ikinijia siioni tena kuwa ushahidi wa kushindwa kwangu. Naiona kuwa zoezi lililoletwa mezani, nami sina budi kulifanya.

Na zoezi lenyewe si gumu kama linavyotisha. Hamu ya sigara ni kama wimbi. Ikija husema kwamba haitaondoka mpaka ipewe, lakini husema uongo, kwa kuwa kwa kawaida hudumu dakika chache tu, kisha hupoa yenyewe. Mimi hutazama saa na kujiambia kwamba nitaamua baada ya dakika 10. Katika dakika hizo hunywa maji, au hutembea hadi uwanjani na kurudi, au husahihisha daftari mbili. Mara nyingi zikiisha huwa nimesahau nilichokuwa nikingojea. Nimebadili pia njia ya kwenda kituoni, ili nisipite kibandani. Nimemwambia rafiki yangu mmoja ukweli wote, kwa kuwa siri ndiyo mbolea ya uraibu. Na kile kifaa nimekipunguzia nguvu ya nikotini hatua kwa hatua, kwani bandu bandu huisha gogo.

Je, nimejikwaa tena? Nimejikwaa, mara mbili. Zamani ningesema kwamba sigara moja imeharibu yote, na kwa kusema hivyo ningejipa ruhusa ya kuvuta pakiti nzima. Sasa nasema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Sigara moja ni kosa moja. Kuiongezea ya pili kwa kisingizio cha ya kwanza ni kosa jingine, nalo hufanywa kwa makusudi.

Nawe, kijana unayeyasoma haya, pengine hujavuta kitu chochote. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inamkataza mfanyabiashara wa nchi hii kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiwezi kulala nawe bwenini. Ubongo wako bado unajengwa, na utaendelea kujengwa hadi miaka 25 hivi. Nikotini iingiapo katika nyumba ambayo haijakwisha kujengwa hujitengea chumba chake. Usidanganywe na harufu ya embe. Mimi sikuipenda sigara nilipoianza, na wewe yawezekana hukipendi kifaa. Huenda wawapenda tu wale wanaokishika. Hao watatawanyika, kama wangu walivyotawanyika, nawe utaachiwa walichokufundisha.

Ninapoandika maneno haya, ni mwezi wa nne tangu nilipovuta sigara ya mwisho. Kifaa kipo katika saraka ya meza yangu, si mfukoni tena. Binti yangu hageuzi uso. Jioni zikiwa na mvua hamu bado huja na kunibishia, nami huketi nikaitazama saa. Sijasema kwamba nimeacha. Nimejifunza kulihifadhi neno hilo mpaka siku nitakayokuwa na haki ya kulitamka.